Risala ya Wazazi wa Chekechea kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Afya Shuleni, Likoni

Mheshimiwa mgeni rasmi, Mwalimu Mkuu, walimu, wazazi wenzetu na watoto, hamjambo.

Daktari, karibu Likoni, na pole kwa foleni ya feri. Mwaka huu hatukuombi madawati (hayo tutayarudia, usijali). Tuna neno kuhusu tumbo la kuendesha, hasa likishakwisha.

Mtoto akihara damu, nyumba nzima haikaliki. Damu ikikoma twashukuru Mungu, twarudi kwenye shughuli zetu. Kumbe kwa baadhi ya watoto, zaidi wa chini ya miaka 5, balaa ndiyo kwanza inaingia. Aina fulani za bakteria wa E. coli na Shigella hutoa sumu inayopenya utumbo hadi kwenye damu. Sumu hiyo hujeruhi mishipa midogo, damu ikagandamana humo ndani, chembe nyekundu zikapasuka, zile za kugandisha damu zikapungua, na mafigo yakashindwa kazi. Mara nyingi hutokea siku 5 hadi 10 tangu kuhara kuanze. Mama ataona nepi kavu tangu asubuhi, macho yamevimba, midomo na viganja vimepauka, pengine michubuko kwa mtoto ambaye hakuanguka. Wengi wetu tungesema ni uchovu tu wa kuugua.

Mwaka 1993 huko Marekani, baga zisizoiva zenye E. coli ya aina hiyo ziliugulisha watu zaidi ya 700, na watoto 4 wakafariki. Sisi baga si yetu sana, lakini kababu yenye wekundu katikati ina hatari ile ile.

Kwa upande wetu, tumeweka mfereji kando ya choo cha watoto. Sabuni huibwa, nasi hununua nyingine.

Ombi letu la kwanza: zungumza na wauza dawa wa mtaani. Anayehara damu huuziwa vidonge vya kufunga tumbo, au antibiotiki ya kubahatisha, ambayo kwa E. coli ya aina hii yaweza kuzidisha hatari. Aelekezwe hospitali apimwe.

La pili: zahanati ya huku iweze kupima damu na mafigo, tusivushwe feri usiku kwa kipimo tu. Wengi wa watoto hawa hupona wakiwahiwa. Anayehitaji mashine ya kusafisha damu, huyo tutamvusha hata saa nane za usiku.

Ni sisi, wazazi wa chekechea.