Fundi cherehani

Shoga yangu,

Mimi sijambo sana, hofu kwako. Barua yako nimeisoma mara mbili. Unauliza nimewezaje kukaa na maumivu ya tumbo wiki ya pili sasa bila kwenda kutibiwa, na hela ninayo. Nikujibu, ila usinicheke.

Nilikwenda. Mapokezi wakanipa fomu, nikajaza jina, umri, na pale penye "kazi" nikaandika fundi cherehani. Basi daktari, kijana mpole tu, akanionea huruma kwa kuinama kutwa nzima, akanionyesha na namna ya kukaa kitini mgongo usiume. Nikatoka na vidonge vya maumivu. Mimi ambaye hata kifungo cha shati kinanishinda!

Angejua ukweli, kwamba kazi yangu ni kuuza mwili, angenipima magonjwa ya zinaa, na asingeishia kwenye mkojo. Kisonono kikikaa kooni mara nyingi hakiumi wala hakioneshi dalili. Mpaka wachukue kipimo kooni kwenyewe. Lakini ningeanzaje? Mara ya mwisho kusema ukweli, kwingine huko, kondomu ilikuwa imepasuka na nilihitaji dawa za kuzuia VVU. Zile huanzwa ndani ya saa 72, na kila saa ina maana yake. Muuguzi akamwita mwenzake, yule akamwita wa tatu, wakajipanga mlangoni kunitazama. Mmoja akauliza, benchi zima linasikia: "Sasa unalia nini, si ndiyo kazi yako?" Nikainuka nikaondoka. Dawa nilizipata mahali pengine kesho yake, muda bado unaruhusu, ila usiku ule sikulala.

Wateja wabaya wapo, sikatai. Kinachowapa kiburi ni kujua kwamba hatutakwenda kushtaki. Mwenzetu yule mcheshi alipigwa mwaka jana hadi jino likang'oka. Kituoni wakamuuliza alikuwa amevaa nini, kisha wakaumwaga mkoba wake mezani, wakahesabu kondomu, zikageuka ushahidi dhidi yake yeye. Tangu siku hiyo anabeba moja tu. Moja, shoga, kwa usiku mzima! Na kwa kuogopa kuonekana tunapatana bei mbio mbio, gizani, kabla hujajua kama mtu amelewa au ana mwenzake kajificha kwenye gari.

Kuna habari niliisoma hainitoki. New Zealand waliacha kuihesabu kazi hii kuwa kosa la jinai mwaka 2003, na sheria inakupa haki ya kumkataa mteja. Sasa mwanamke wa Wellington huko, wa kazi hii hii, alimshtaki mwendesha danguro aliyekuwa akimsumbua kwa maneno machafu. Akashinda, mwaka 2014! Ikaamriwa alipwe dola 25,000 za huko. Nilipomsimulia mwenzetu alicheka, akanishika paji la uso kama nina homa.

Tumbo bado linanisokota. Kesho kutwa asubuhi nataka nirudi kwa yule kijana mpole. Njoo twende wote, ukae na mimi pale kwenye benchi. Ukiwepo nadhani mkono utaandika kile kinachotakiwa kuandikwa. Usipokuja, sijui, huenda nikabaki fundi.

Nijibu upesi.

Ni mimi, unayenijua.