Barua ya wazi kwa vijana walioucheka ukuta wa Maginot

Wajukuu zangu wa mdahalo wa Jumamosi,

Shikamoo zenu nilizipokea, ila nyumbani nilirudi nimenuna. Mlinialika niwe mwamuzi, nikaishia kusikiliza ukumbi mzima ukiangua kicheko: "Wafaransa walijenga ukuta, Wajerumani wakauzunguka!" Aliyepigiwa makofi mengi zaidi ndiye aliyesoma kidogo kuliko wote.

Ukuta ule, yaani safu ya ngome za zege kwenye mpaka wa Ufaransa na Ujerumani, ulijengwa na watu waliofiwa. Vita ya 1914 hadi 1918 iliiulia Ufaransa wanaume wapatao milioni 1.4. Marehemu hawazai, kwa hiyo ilijulikana mapema kwamba ikifika 1935 kambi zitapungukiwa vijana. Januari 1930 ikapitishwa sheria ya fedha za ngome, waziri akiwa André Maginot, mtu aliyejeruhiwa mguu karibu na Verdun. Zege lile lilishika nafasi ya watoto ambao hawakuzaliwa. Mnacheka nini hapo, wanangu?

Tena huko kuzunguka ndiko walikotaka! Mjerumani asukumwe apitie Ubelgiji, akutane huko na jeshi la Ufaransa. Lakini 1936 Ubelgiji ikajitoa kwenye ushirika wa kijeshi, ikasema haiegemei upande, na Wafaransa wakazuiwa kuingia kujiandaa mpaka adui abishe hodi. Alfajiri ya 10 Mei 1940 askari wa Kijerumani wasiofika mia walitua kwa ndege zisizo na injini juu ya paa la ngome ya Ubelgiji ya Eben-Emael, wakaizima mizinga yake.

Na Poland je? Hili ndilo linaloniuma. Mei 1939 majenerali wa Ufaransa waliiahidi kwamba wataishambulia Ujerumani kwa nguvu kubwa ifikapo siku ya 15 tangu jeshi liitwe. Septemba Ujerumani ilipoivamia Poland, wakaingia Saar, ndani ya Ujerumani, kilomita chache, wakasimama, kisha wakarudi zao. Watu hawa tunawafahamu. Kwenye kikao cha harusi ahadi zao huandikwa kwa herufi kubwa. Siku ya kukusanya, simu zimezimwa. Sisi wazee ndio tuliowafundisha hivyo, nakiri.

Mengine nayataja tu. Mwaka 1934 Pétain, waziri wa vita wa Ufaransa, aliiambia kamati ya Seneti kwamba msitu wa Ardennes, ulioko mpakani na Ubelgiji, haupitiki, iwapo utaandaliwa kwa ulinzi. Watu wakashika nusu ya kwanza. Gamelin, mkuu wa majeshi ya Ufaransa, alilipeleka Uholanzi Jeshi la Saba, lililokuwa akiba yake. Tarehe 13 Mei Wajerumani wakavuka mto Meuse pale Sedan, na siku tatu baadaye Churchill, waziri mkuu wa Uingereza, alipouliza mjini Paris akiba iko wapi, akajibiwa hakuna.

Mdahalo ujao, msemaji aanze na askari 107 wa La Ferté, ngome ndogo ya ukuta huohuo, waliokufa wote ndani mwezi huohuo, wengi wao kwa kukosa hewa. Akimaliza kuwasimulia na bado ana hamu ya kucheka, acheke. Mimi nitakuwa nimekaa kiti cha mbele.