Wateja hawakuikimbia benki, waliikimbilia

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua. Ninaandika juu ya silabi moja, "li", iliyokosekana katika kichwa cha habari cha gazeti lako, na juu ya neno dogo la Kiingereza, "run" (kukimbia), lililosababisha ikosekane.

Makala ya ukurasa wa biashara ilisimulia jinsi Silicon Valley Bank ya Marekani ilivyoanguka Machi 2023. Habari yenyewe ilipangwa vizuri na ilisomeka. Lakini juu yake, kwa herufi nene, mliandika: "Wateja waikimbia benki". Nilisoma, nikarudia kusoma. Mtu akimkimbia mwenzake humpa kisogo. Wateja wale walifanya kinyume chake. Tarehe 8 Machi benki ilitangaza kwamba imeuza hati fungani zake kwa hasara ya dola bilioni 1.8 na kwamba inatafuta mtaji mpya. Kesho yake, tarehe 9, wenye fedha walishika simu na kompyuta zao, wakaomba kutoa dola bilioni 42 ndani ya siku hiyo moja. Tarehe 10 wasimamizi wa serikali wakaifunga. Wateja waliikimbilia benki, wote kwa mpigo, kila mmoja akitaka kuwahi kabla ya mwenzake.

Najua mtu anaweza kuwatetea waandishi wenu akasema: si waliihama? Basi waliikimbia. Lakini mteja anayehama benki anaweza kufunga akaunti yake kwa utulivu mwezi ujao, na benki isidhurike. Kilichoiua benki hii ni haraka na wingi wa watu waliotaka chao saa ileile. Maana yote ya habari imo humo, na Kiswahili kinayo silabi ya kuibeba. Kukimbia, kukimbilia, kukimbiza, kukimbizana: shina ni moja, lakini kila kiambishi kinatuambia nani anaelekea wapi na nani yuko nyuma ya nani. Kiingereza hakina hazina hiyo ndani ya kitenzi chake. Chenyewe kina "run", kisha kinaongeza kijineno pembeni ili msomaji ajue ni mbio za kwenda, za kutoka, za kugonga au za kuishiwa. Tukio kama hili Waingereza huliita "run on the bank", na mfasiri akikiacha kile kijineno "on", amebaki na miguu tu.

Nimekuwa mfasiri kwa miaka 19, kutoka Kiingereza kwenda Kiswahili, na sisemi haya kumdhalilisha mwenzangu aliyeandika kichwa kile. Neno hili lina uzito usiolingana na umbo lake. Katika toleo la pili la kamusi kubwa ya Oxford, la mwaka 1989, neno lililochukua nafasi kuliko yote lilikuwa "set", lenye maana zaidi ya 430. Wahariri walipoanza kuipitia upya kamusi nzima, "make" likalipita mwaka 2000, "put" likafuata mwaka 2007, na mwaka 2011 ikawa zamu ya "run". Mwanakamusi Peter Gilliver alikaa na neno hilo karibu miezi tisa. Alipomaliza alikuwa na maana 645, na hizo ni za kitenzi peke yake, nomino haimo. Miezi tisa kwa herufi tatu! Mfasiri wa gazeti hupewa dakika ngapi?

Wengi hudhani maana ya kwanza ni miguu, na kwamba hizo nyingine zote ni mapambo yaliyoongezwa baadaye. Sivyo. Tangu Kiingereza cha kale neno hili lilikuwa la miguu na la maji pia. Ndugu zake wa Kijerumani wamegawana kazi hiyo hadi leo: "rennen" ni kwenda mbio, "rinnen" ni kutiririka. Kwa hiyo Mwingereza akisema mto una-"run", hapambi lugha wala hafananishi mto na mtu. Anasema jambo la kawaida kabisa, kwamba maji yanatiririka. Ndiyo maana kufungulia bomba, pua yenye kamasi, rangi inayochuja kutoka kwenye nguo, na wino uliotapakaa kwenye karatasi iliyolowa, vyote kwake ni neno moja. Baadaye zikaja saa, mashine za mvuke, reli, umeme na kompyuta, na kila kitu kilichoweza kwenda bila kusukumwa kikapewa neno hilohilo. Kutoka hapo ilikuwa hatua fupi tu kufika kwenye kampuni, kwa sababu kampuni nayo "inakwenda" kama mashine, na mwenye kuisimamia anai-"run".

Nina daftari ninaloandikia sentensi za neno hili kila ninapokutana nalo kazini. Sasa zimefika 83. Ukurasa mmoja una mgombea wa urais, na hapo neno ni kugombea au kuwania. Kuna barabara inayotoka mji mmoja hadi mwingine, na barabara haikimbii, inakwenda tu, au inapita. Kuna ugonjwa ambao ni wa ukoo. Kuna mkataba wa miaka mitano ambao, kwa Kiswahili, unadumu. Gazeti lina-"run" habari, yaani linaichapisha. Mtu aliyechelewa, mtu aliyeishiwa mafuta njiani, mtu aliyemgonga mbwa kwa gari, mtu aliyekutana na rafiki yake wa zamani bila kutarajia, wote wana neno hilohilo. Sentensi niliyohangaika nayo kuliko zote ni ya hadithi, ya mama aliyesikia sauti ya mtoto aliyedhaniwa amekufa, na baridi "ikakimbia" uti wa mgongo wake. Niliandika na kufuta siku mbili. Mwishowe nikaandika: "Mwili ulimsisimka." Maneno mawili, hakuna baridi, hakuna uti wa mgongo, na kila aliyenisomea rasimu aliguswa na maneno hayohayo mawili.

Lakini kilichonifanya nishike kalamu leo si daftari. Ni pampu.

Mdogo wangu wa kiume alinunua pampu ya maji ya umeme. Ndani ya boksi lake mlikuwa na kijitabu cha maelekezo chenye sehemu ya Kiswahili, jambo lililonifurahisha sana aliponionyesha. Ni mtu makini. Hawashi kitu kabla hajasoma. Ukurasa wa pili, katika kisanduku chekundu cha onyo, uliandikwa: "Usiendeshe pampu kavu." Akaitazama pampu. Ilikuwa mpya, imetoka kwenye boksi, kavu kabisa. Akachukua kitambaa, akakilowesha, akaifuta pampu nzima kwa nje mpaka ikawa na unyevu, akiepuka tu sehemu ya nyaya. Kisha akaiwasha. Ndani hapakuwa na tone la maji, maana bomba la kuvutia hakuwa amelijaza. Ilinguruma dakika chache, sauti ikabadilika ikawa ya kukwaruza, kisha akasikia harufu ya mpira unaoungua.

Jioni alinijia na kijitabu mkononi. "Dada, wewe ndiye mwenye lugha. Nimefanya walivyosema. Nimekosea wapi?"

Niligeuza kurasa hadi sehemu ya Kiingereza. Palikuwa na maneno manne: "Never run pump dry." Maana yake ni kwamba pampu isiwashwe kama haina maji ndani. Penye mhimili unaozunguka kuna kizuizi kinachozuia maji yasivuje, na maji yale yale yanayosukumwa ndiyo yanayokipoza na kukilainisha. Yasipokuwepo, kizuizi husuguana kikavu, kikapata moto na kuharibika kwa muda mfupi. Hilo ndilo lililotokea.

Mhariri, angalia vizuri kosa la mfasiri yule. Hakuandika "usikimbize pampu". Alijua kwamba hapa si habari ya miguu. Alifungua kamusi, akashuka hadi maana inayohusu mashine, akakuta "endesha", akaiweka. Kila neno katika sentensi yake lina idhini ya kamusi. Na bado mtu makini, msomi, mwenye Kiswahili cha kuzaliwa nacho, aliisoma akaenda kulowesha kitambaa. Kosa la aina hii linanitisha kuliko "pua inakimbia", maana hilo la pua kila mtu analiona na kulikataa. Hili la pampu limevaa nguo safi.

Ndiyo maana siamini orodha za visawe peke yake. Peter Mark Roget alipochapisha kitabu chake cha hazina ya maneno ya Kiingereza mwaka 1852, aliyapanga maneno kwa mawazo, katika mafungu 1,000, wala hakuyapanga kwa alfabeti. Mwandishi alitakiwa aanze na wazo alilonalo kichwani, kisha atafute neno. Sisi tunafanya kinyume: tunaanza na neno, tunachungulia orodha, tunaokota la kwanza linalofanana. Maneno mawili yakilingana na "run" kwa pande mbili tofauti, hayo hayalingani yenyewe kwa yenyewe. Kuendesha na kutiririka hayajawahi kuwa visawe, hata kama yote mawili yamo chini ya neno moja la Kiingereza.

Njia ninayoitumia niliigundua kwa kuhangaika, na nimewafundisha vijana watatu niliofanya nao kazi. Ukikutana na "run", usijiulize kwanza lina maana gani. Jiulize: kitu hiki kikiacha kufanya hivyo, tutasemaje? Mto ukiacha, umekauka. Injini ikiacha, imezima. Mgombea akiacha, amejitoa. Mkataba ukiacha, umekwisha muda wake. Mchezo wa kuigiza ukiacha, umeondolewa jukwaani. Kinyume huwa hakidanganyi, kwa sababu Kiingereza chenyewe hakina neno moja la kuyafunika hayo yote. Ukishapata "imezima", mkono unajua kwamba upande wa pili ni "imewashwa" au "inafanya kazi", na sentensi ya pampu inajiandika: "Usiwashe pampu kama haina maji ndani." Mtoto wa darasa la nne angeielewa.

Nisionekane kana kwamba nakilaumu Kiingereza. Kila lugha ina neno lake la kubebeshwa mizigo, na sisi tunalo letu: piga. Tunapiga simu, tunapiga picha, tunapiga pasi, tunapiga mswaki, tunapiga magoti, tunapiga kura, tunapiga chafya, na katika yote hayo hakuna aliyeumia. Niliwahi kumwona mgeni anayejifunza Kiswahili akikunja uso aliposoma kwamba babu "alipiga miayo". Alikuwa ameshika fimbo ya neno hilo, kama sisi tulivyoshika miguu ya "run". Mfasiri wa kwenda Kiingereza akiandika kwamba babu aliichapa miayo, tutamcheka. Basi na sisi tusome tunachoandika kwa sikio hilohilo.

Nina maombi mawili kwako, Mhariri.

La kwanza ni muda. Najua habari za nje huingia kwenye chumba cha habari usiku, na siku hizi mara nyingi zinapitishwa kwenye programu ya kompyuta kwanza, kisha mtu anasahihisha haraka. Siipingi programu. Mimi mwenyewe naitumia kwa rasimu. Ninachoomba ni kwamba kabla ukurasa haujafungwa, mtu mmoja ambaye hajasoma habari ya Kiingereza asome ile ya Kiswahili peke yake, kisha aeleze kwa mdomo amefahamu nini. Akisema "wateja walitoroka benki", mtakuwa mmelijua kosa wakati bado linasahihishika. Kazi hiyo haizidi dakika tano, na kwa vichwa vya habari ni dakika moja.

La pili ni masahihisho. Mnapokosea jina la waziri, kesho yake mnaomba radhi katika kisanduku kidogo ukurasa wa pili, na mnafanya vizuri. Mnapokosea maana ya neno hamfanyi hivyo. Ningependa mfanye, kwa sababu gazeti ndilo linalosomwa na mwalimu anayetafuta mfano wa kuandika ubaoni, na kijana anayejifunza kufasiri. Juzi nilimsikia mtangazaji akisema "benki ilikimbiwa", na sina shaka alikuwa amesoma mahali.

Kijitabu cha mdogo wangu sasa kimefungwa ndani ya mfuko wa plastiki na kuning'inizwa juu ya pampu, iliyokwisha tengenezwa kizuizi chake. Kwenye kile kisanduku chekundu nilikata sentensi yao kwa kalamu ya bluu, nikaandika ya kwangu juu yake. Kichwa chenu cha habari nacho nimekisahihisha kwenye nakala yangu kwa kalamu hiyohiyo. Nakala zilizobaki siwezi kuzifikia mimi. Naomba mchapishe wenyewe: "Wateja waikimbilia benki kutoa fedha zao."

Wako,
Mfasiri na msomaji wenu wa kila siku