Mafuta ni ya tambarare, mlima unataka wanga

Mhariri,

Naomba nafasi niseme machache kuhusu ulaji wa wanga kidogo na mafuta mengi, unaopigiwa debe sana kwa waendesha baiskeli wa masafa marefu. Hesabu inayowavutia watu ni ya kweli. Misuli na ini hubeba glaikojeni (wanga uliohifadhiwa mwilini) ya kama kilokalori 2,000, akiba inayoweza kwisha kwa saa mbili tatu za kukanyaga kwa nguvu, ilhali mtu wa kilo 70 mwenye asilimia 10 tu ya mafuta mwilini amebeba zaidi ya kilokalori 50,000. Tatizo ni namna watu wanavyoanza, na safari wanazoupelekea mlo huu.

Wengi huondoa mkate na wali, wakaishia hapo. Anayehitaji kilokalori 3,000 kwa siku, akila wanga gramu 50 na protini gramu 110, bado anadaiwa mafuta gramu 260 hivi. Mayai manne yana gramu 20 tu. Kijiko kikubwa cha mafuta ya zeituni, kama 14. Aliyekata wanga huku akiyaogopa mafuta anashinda njaa tu, kisha analaumu mlo.

Halafu chumvi. Wanga ukipungua, insulini hushuka na figo huanza kumwaga sodiamu pamoja na maji. Ndiyo maana mizani hushuka haraka wiki ya kwanza (ni maji hayo, si kitambi), kichwa kinauma, ukiinuka ghafla unaona giza, na miguu inakuwa mizito kama magogo. Nusu kijiko cha chai cha chumvi kwenye supu, saa moja kabla ya kuondoka, mara nyingi hutosha kuondoa hali hiyo. Mwenye shinikizo la damu au anayetumia dawa za kisukari asijaribu kabla ya kuonana na daktari wake: dozi ile ile ya insulini ikikutana na sahani isiyo na wanga, sukari inaweza kushuka hadi mtu akazimia barabarani.

Mlimani ndipo sifa za mlo huu zinapopungua. Lita moja ya oksijeni ikichoma wanga hutoa kama kilokalori 5. Ikichoma mafuta, 4.7. Kwenye tambarare, unapoweza kuongea sentensi nzima bila kuhema, tofauti hiyo huioni. Pumzi ikishafika mwisho, unaiona. Mtafiti Louise Burke na wenzake waliwapima wanamichezo wa kiwango cha juu wa mbio za kutembea, na katika matokeo yao ya mwaka 2017 waliokula mafuta mengi walitumia oksijeni zaidi kwa mwendo ule ule.

Wapo wanaosema dawa ni kula wanga siku moja kabla ya mashindano. Mtafiti Havemann na wenzake walilijaribu hilo mwaka 2006 kwa waendesha baiskeli: siku sita za mafuta, siku moja ya wanga, kisha kilomita 100. Muda wa jumla haukutofautiana sana, lakini nguvu ya kuchomoka kwa kilomita moja ilipungua. Huenda glaikojeni ilikuwepo, ila mwili uliozoea mafuta huifungua kwa uvivu.

Kwa hiyo, anayekwenda Paris–Brest–Paris, safari ya baiskeli ya Ufaransa ya kilomita 1,200 ndani ya saa 90, ana sababu ya kuufikiria mlo huu. Anayetaka kushinda mbio zenye milima na mchomoko wa mwisho, mimi simshauri. Na anayetaka kuchanganya, akae na mafuta siku za safari ndefu za polepole, lakini angalau mara moja kwa wiki afanye zoezi gumu huku akila wanga gramu 60 kwa saa. Utumbo nao hufundishwa: usiozoea sukari, ukiletewa kiasi hicho siku ya mashindano, utakujibu kwa kichefuchefu na kuhara kabla hujafika nusu ya njia.

Msomaji wako