Risala ya Kikundi cha Wasikilizaji wa Redio ya Jamii kwa Mgeni Rasmi, Newala

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mwenyekiti wa Bodi na Meneja wa redio yetu,
Waheshimiwa madiwani, viongozi wa dini, watangazaji na mafundi mitambo,
Wasikilizaji wenzangu,
Mabibi na mabwana,

Assalaam alaykum. Tumsifu Yesu Kristo. Bwana asifiwe. Na ninyi wa ng'ambo ya Ruvuma mnaotupata hewani muda huu, salamu zenu zimetufikia.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunakushukuru kwa kukubali mwaliko wetu, na zaidi kwa kufika saa ileile iliyoandikwa kwenye kadi, jambo ambalo limeivuruga kidogo kamati ya mapokezi.

Kikundi chetu hakikuanza na katiba wala mhuri. Kilianza na kadi za salamu. Wengi uliowaona hapa ndio wale waliokuwa wakinunua kadi, wakajaza majina ya ndugu, majirani na mashemeji, kisha wakakaa karibu na redio kusubiri yasomwe. Simu zilipoenea, kadi zikakosa wanunuzi na fedha yake ikakauka. Redio ikabaki kutegemea matangazo ya biashara, na biashara hapa kwetu hufuata korosho. Minada ikianza Oktoba kila duka lina tangazo. Ikifika Februari, hata muuza mabati hapokei simu ya meneja.

Ndipo sisi wasalimiaji tukakubaliana kuchangia shilingi 1,000 kwa mwezi kila mwanachama. Asiyekuwa nayo huja na panga kufyeka majani kuzunguka mnara, na hiyo huandikwa daftarini kama ada. Mwenzetu mmoja alitaka kulipa kwa korosho ghafi, bakuli moja kila mwezi. Tulimwomba azipitishe kwanza AMCOS, chama chetu cha ushirika wa wakulima, tusije tukaitwa kangomba, yaani walanguzi wa korosho nje ya utaratibu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kukusanyika mbele ya redio si jambo geni nchini kwetu. Wazee waliopo hapa wanaikumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, watu walipokaa kwa vikundi kijijini, wakasikiliza kipindi, wakajadili, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Tofauti ni kwamba wakati ule sauti ilitoka Dar es Salaam na msikilizaji hakuwa na pa kujibia. Leo mtangazaji akikosea jina la kitongoji, anapigiwa simu kabla hajamaliza sentensi.

Mwezi huu wa Juni redio imekuwa na kazi nyingi. Mikorosho inachipua na kutoa maua, na ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu mweupe, hushambulia hayohayo machipukizi na maua. Kwa hiyo kipindi cha kilimo cha alfajiri kimekuwa na afisa ugani karibu kila wiki, akieleza kwa nini salfa ya unga hupulizwa asubuhi na mapema, upepo ukiwa umetulia na umande ukiwa bado kwenye majani, na kwa nini anayengoja aone unga mweupe kila mahali anakuwa amechelewa. Maswali yalikuwa mengi kiasi kwamba kipindi cha muziki kilichofuata kililiwa siku mbili, na mashabiki wake wametuletea malalamiko kwa maandishi. Tumeyapokea.

Tarehe 16, Siku ya Mtoto wa Afrika, wanafunzi walishika maikrofoni. Walimhoji mwalimu wao kuhusu wenzao wanaochelewa kurudi shuleni baada ya jando na unyago wa likizo, na mwalimu alitoka jasho. Matangazo ya mgao wa maji yameendelea kila jioni, na mwenyeji yeyote wa uwanda huu wa Makonde anajua uzito wake. Vifo, vitambulisho vilivyopotea na mbuzi walioonekana havina mwezi maalumu.

Lakini thamani ya michango yetu tuliiona Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipoikaribia pwani. Sisi tuko juu, mbali na bahari, ila nani hapa hana mtoto au shangazi Mtwara, Lindi au Kilwa? Mamlaka ya Hali ya Hewa ilikuwa ikitoa taarifa mara kwa mara, na redio ilizirudia kila zilipotoka. Umeme ukakatika. Jenereta lipo, lakini tangi lilikuwa na dizeli ya saa chache tu. Mweka hazina wetu alifungua kisanduku usiku huohuo na bodaboda wakatumwa kutafuta mafuta. Mvua zile zilipokata barabara ya Dar es Salaam kule Kilwa, abiria waliokwama walipiga simu studio, majina yao yakasomwa, na ndugu zao wakajua wako hai. Hapo hakuna aliyeuliza tena shilingi 1,000 inakwenda wapi.

Changamoto zipo. Ukisimama pale Shimo la Mungu, ukingoni mwa uwanda wetu, unaliona bonde lote la Ruvuma hadi Msumbiji, na mawimbi ya FM husafiri kama macho: yanafika panapoonekana. Kwa hiyo mtu wa Msumbiji anatusikia vizuri, wakati mwanakijiji aliyejificha chini tu ya ukingo, umbali wa kutembea, anasikia mvumo. Wengine hupanda juu jioni na simu zao ndogo, waya wa hedifoni ukiwa ndio antena, ili wasikie habari. Dawa yake ni kirusha mawimbi kidogo huko chini, na hicho kinahitaji kibali cha TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania. Tunaomba ofisi yako itusaidie barua ya utangulizi.

Ombi la pili ni gumu kidogo kulisema mbele za watu, lakini tumetumwa. Zipo ofisi, hatutazitaja, ambazo huleta matangazo yao yasomwe bure, tena mara tatu kwa siku, tena kwa haraka. Mama muuza maandazi akitangaza, analipa. Tunaomba nazo zilipe, hata kama ni nusu ya bei.

Tunajua desturi ya hafla kama hii ni mgeni rasmi kutoa ahadi kubwa. Gari hatuliombi. Wala hatumwombi mtu mmoja alipie dizeli ya mwaka mzima, awe mfanyabiashara au kiongozi, kwa sababu anayelipia dizeli yote leo, keshokutwa atataka kuchagua na habari za kusomwa. Tunapenda wenye redio wawe wengi, kila mmoja na kidogo chake, ili asiwepo wa kumpigia mtangazaji simu na kumwambia anyamaze.

Kwa hiyo, Mheshimiwa Mgeni Rasmi, mezani mbele yako ipo fomu ya uanachama na kalamu. Ada ni shilingi 1,000 kwa mwezi, na mweka hazina yupo hapa na kitabu chake cha risiti.

Tunaomba kuwasilisha.

Katibu,
kwa niaba ya Kikundi cha Wasikilizaji, Newala