Hija ya Dwarka: sindano kwanza, tiketi baadaye

Mhariri,

Janmashtami, sikukuu ya Wahindu ya kuzaliwa kwa mungu Krishna, inapokaribia, wengi Kampala na Jinja huanza kuulizia nauli ya kwenda Dwarka, Gujarat. Viza haiwasumbui sana. Kinachowakwamisha ni kadi ya manjano, yaani cheti cha chanjo ya homa ya manjano.

India ina mbu wanaoweza kueneza homa ya manjano, ila ugonjwa wenyewe haujaingia huko. Ndiyo maana hawana mchezo na anayetoka Uganda. Cheti huanza kukubalika siku 10 baada ya sindano. Aliyechanjwa Jumatatu akaruka Ijumaa ana kadi mkononi, lakini kwa ofisa wa afya pale Mumbai ni kama hana: anaweza kuwekwa karantini hadi zitimie siku 6 tangu aondoke Uganda. Kuunganisha ndege Dubai au Addis Ababa hakumwokoi. Wenye kadi za zamani nao wasichomwe tena bure, maana tangu Julai 2016 sindano moja yatosha maisha yote. Wahakikishe tu jina linafanana na la pasipoti, herufi kwa herufi.

Kutoka Mumbai, treni ya Saurashtra Mail huondoka usiku na kufika Dwarka kesho yake mchana. Tiketi hufunguliwa siku 60 kabla, na za sikukuu haziwahi kungoja mtu.

Hekalu la Dwarkadhish, lile la Krishna wanalolifuata mahujaji, hufunguliwa saa 12:30 asubuhi, hufungwa saa 7 mchana, hufunguliwa tena saa 11 jioni. Hapo ndipo siku hupotea. Watu huvuka asubuhi kwenda kisiwa cha Bet Dwarka (siku hizi kwa gari, juu ya daraja la Sudarshan Setu lililofunguliwa Februari 2024), hurudi saa 8 na kukuta milango imefungwa. Heri kuanza na hekalu. Simu, kamera na vitu vya ngozi huachwa nje.

Mlango wa kusini una vidato 56 vya kushuka hadi mto Gomti. Maji ya bahari hupanda na kushuka humo, kwa hiyo vidato vya chini huota mwani na kuteleza. Wazee washikwe mkono.

Juu ya kilele cha hekalu hupepea bendera ya yadi 52 yenye jua na mwezi, nayo hubadilishwa mara kadhaa kwa siku. Kila bendera hutolewa na familia iliyoomba zamu. Anayetaka kuitoa aombe kabla hajakata tiketi ya ndege, kwani zamu hazigawiwi mlangoni.

Wasomaji wenu,
Jinja