Wito wa Harambee: Watoto Wetu Waende Pate Likizo Hii

Assalaam alaykum maami, wajomba, mashangazi na mahalati, na nyinyi majirani na marafiki mliotuzoea hapa Nairobi, kutoka Majengo hadi South C. Hamjambo nyote.

Sisi watu wa kisiwa cha Pate, kule Lamu, tuishio Nairobi tunawaomba mtuchangie shilingi 320,000. Safari nzima inataka 460,000, na 140,000 tumeshaziweka wenyewe kwa michango yetu ya kila mwezi. Ni safari ya watoto 40 na watu wazima 10, kwenda kukaa Pate wiki tatu za likizo ya mwisho wa mwaka. Mtoto wa Faza atashukia Faza kwa bibi yake, wa Siyu Siyu, wa Kizingitini Kizingitini, vivyo hivyo Pate mjini, Tchundwa na Mbwajumwali. Hapa Nairobi sote ni watu wa Pate, tunazikana na kuozana bila kuulizana mji. Tukishuka Mtangawanda, gati ya kisiwani, ndipo kila mmoja hukumbuka mji wake ndio bora.

Watoto hawa wengi wamezaliwa Pumwani na kukulia Eastleigh. Bibi zao wanawajua kwenye simu, na mnaijua simu ya video na wazee wetu: mtoto anaonyeshwa dari, kisha paji la uso, kisha sikio, maana bibi hakubali kwamba simu inaweza kusikika bila kuwekwa sikioni. Matembezi ya hapa ni yale yale. Jumapili ni maduka makubwa, au kidimbwi cha Uhuru Park na zile boti zake. Si vibaya, nasi huwapeleka na hufurahi. Lakini mtoto ambaye babu yake alikuwa nahodha kulipia boti izunguke kidimbwi ni jambo la kutuchekesha na kutuumiza kwa pamoja.

Kuna aliyetuuliza kwenye kikao: watafanya nini huko wiki tatu? Hakuna bembea, hakuna sinema. Swali zuri, na jibu lake ndilo linalotufanya tuombe pesa za watu.

Watakaa nyumbani kama watoto wa nyumbani. Wataamshwa alfajiri na kutumwa mahamri na mbaazi. Asubuhi watakwenda chuoni kusoma Kurani na wenzao, kwa sababu tumekubaliana na walimu wa huko kwamba likizo haiwi sababu ya kusahau juzuu. Watajifunza kuoga kwa maji ya kopo, na hili nalitaka liwafike hasa wale wanaoacha bomba likitiririka wakipiga mswaki. Pate haina mto. Watu wanategemea visima, ambavyo vingine maji yake yana chumvi, na majabia yanayokinga maji ya mvua. Mvua ikikawia, mtu wa kule hujua ndoo ngapi zimebaki. Mtoto wa Nairobi naye amezoea maji ya mgao na mitungi ya kununua, kwa hiyo si mgeni kabisa wa shida hii. Tofauti ni kwamba kule ataliona lile jabia lenyewe na atajua yanakotoka.

Maji yakipwa watashuka pwani na mashangazi kutafuta kaa na kome, na wenye jicho wataoneshwa tundu la pweza. Maji yakijaa wataoga gatini mpaka waitwe kwa ukali. Alasiri kuna kusuka ukili na akina bibi, na kuna kofia: kijana akikaa karibu na mshonaji wa kofia ya vito, ile ya kudariziwa kwa mkono, kwa siku kadhaa, atajua kwa nini ile ya baba yake hakuipata kwa bei ya kofia ya mtumba. Watapanda punda na wataangushwa na punda. Kijijini pikipiki zipo siku hizi, lakini si barabara ya Jogoo. Mtoto wa miaka saba anaweza kutumwa nyumba ya tatu peke yake, na mama asiwe amesimama mlangoni roho mkononi. Ukimuuliza mama wa Eastleigh ni kitu gani angependa mtoto wake aonje, hatakwambia ufuo. Atakwambia hicho.

Na mandari zitakuwapo. Moja ni ya miguu, kutoka Pate mjini hadi Siyu. Wataanzia kwenye magofu ya Wanabahani, watawala wa zamani wa Pate, yaliyozungukwa na mashamba ya tumbaku, na watamalizia kwenye ngome ya Siyu, mji ambao katika karne ya 19 uliyatoa jasho majeshi ya Seyyid Said wa Zanzibar na ukayarudisha. Hapo Siyu ngozi bado inashonwa makubadhi, na tumewaomba mafundi wawaache watoto waguse na kuuliza. Nyingine ni ya mashua, kutoka Kizingitini hadi Kiwayu, na sufuria ya wali wa nazi katikati, na samaki wa kuchomwa pale pale mchangani. Watakaotapika watatapika. Watakaporudi shule mwezi wa kwanza, mwalimu akisema waandike insha ya likizo, wasihangaike.

Sasa tarehe. Wengi mmelalamika kwamba tumechagua siku ya ajabu ya kuondoka, katikati ya juma, badala ya Ijumaa jioni kama watu wote. Si sisi tuliochagua, ni bahari. Ukitoka Mokowe, gati ya upande wa bara, kwenda Pate kwa njia ya ndani unapita Mkanda, ule mfereji mwembamba kati ya kisiwa cha Manda na bara, na Mkanda maji yakipwa haupitiki na chombo chenye watu. Wakati wa bamvua, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, maji ya pwani yetu hujaa kama saa kumi alasiri. Basi letu kutoka Mombasa linatarajiwa Mokowe mchana. Tukifika siku za bamvua, tunakula, tunaswali, tunapanda na maji juu. Kila siku inayopita, kujaa huko huchelewa karibu dakika 50. Baada ya siku nne tano utakuwa umekaa na watoto 40 gatini mpaka usiku, au ulale Lamu ulipie. Kwa hiyo kalenda tuliyoifuata ni ya mwezi, na msitulaumu.

Mwezi wa kusafiri nao hatukuuokota. Likizo ya Agosti ni wakati wa kusi. Upepo ni mkali na bahari imechafuka, na mzazi aliyekulia bara hawezi kumpa mtoto wake chombo wakati huo hata umwapie. Kuanzia Novemba kaskazi huingia na bahari hulainika. Tena tunataka kuondoka mara tu shule zinapofungwa, kabla nauli za Krismasi hazijapanda. Hilo halihitaji maelezo kwa mtu yeyote aliyewahi kusimama pale stendi za mabasi za Nairobi tarehe 23 Disemba.

Kuhusu pesa tutasema wazi, kwa sababu harambee nyingi za mji huu huficha hesabu mpaka watu wamekwisha kula pilau. Kulala na kula Pate ni bure. Nyumba zimegawanywa, na kila mtoto ana jina la mwenyeji wake, na kumtajia bibi habari ya malipo ni kumtukana. Pesa zinakwenda njiani. Treni kutoka Nairobi hadi Miritini, stesheni ya Mombasa, ni shilingi 1,500 daraja la kawaida tangu nauli zilipopandishwa mwaka 2024, na mtoto wa chini ya miaka 12 hulipa nusu. Tuna watoto 26 wa nusu nauli, na 24 waliobaki, wakubwa kwa wadogo, ni nauli kamili. Kwenda na kurudi ni 111,000. Usiku mmoja tutalala Mombasa kwa jamaa wa Mji wa Kale, bila malipo. Basi la kukodi kutoka Mombasa hadi Mokowe, kupitia Malindi, Garsen na Witu, ni 160,000 kwa safari zote mbili, na tumesisitiza litembee mchana tu. Vyombo vya baharini ni 60,000. Chakula cha njiani na dawa ni 29,000.

Zimebaki 100,000, na hizi ndizo zilizozua mjadala. Ni za laifjaketi 50, maboya yale ya kuvaa kifuani, na 40 kati yake ni za kipimo cha watoto. Wapo waliosema sisi tulikua bila hizo na tuko hai. Ni kweli sisi tuko hai. Ila sisi tulijua kuogelea kabla ya kujua kusoma, na watoto hawa wengi hawajawahi kuingia maji yanayowapita kiuno. Kamati imeamua: asiye na boya hapandi, awe mtoto, awe mjomba wake mwenye kifua. Na tukirudi hatutazibeba. Zitabaki kisiwani, kwenye mashua zinazovusha wanafunzi na kina mama wanaokwenda hospitali Lamu. Kwa hiyo hata wewe ambaye huna mtoto kwenye orodha, shilingi yako itafanya kazi mwezi wa pili na wa tatu, watoto wetu wakiwa wamesharudi darasani Nairobi.

Wengine mmetushauri tuwapeleke ufuo wa Jomo Kenyatta pale Mombasa, siku mbili, turudi, gharama itapungua sana. Itapungua kweli. Lakini bibi hayuko pale. Wengine wametukumbusha kwamba kuna watu wenye bili za hospitali na tusiwe watu wa starehe. Mfuko wa maradhi na misiba uko mbali na huu, una daftari lake na mweka hazina wake, na hakuna hata shilingi itakayotoka kule kuja huku. Aliye na uwezo wa kuchangia kimoja tu, achangie ule wa maradhi, na hatutamkunjia uso.

Harambee yenyewe itakuwa Jumapili ya mwisho ya mwezi ujao, baada ya swala ya Adhuhuri, kwenye uwanja wa madrasa mnayoijua. Mgeni wa heshima hatuna. Tumekataa kwa makusudi. Mwanasiasa akija na bahasha atataka kipaza sauti, na akipata kipaza sauti watoto watasinzia, na kesho kutwa safari itaitwa yake. Akitaka kuja aje kama jirani, akae kwenye mkeka, achange, ale. Badala ya hotuba, watoto wataimba kaswida, kisha mnada wa vitu kutoka nyumbani: mikeka, kofia mbili za vito, makubadhi, na achari ya maembe ambayo mwaka jana iligombewa kuliko kofia. Chakula kitauzwa, hakitagawiwa; sahani ya biriani, viazi vya karai na kaimati. Njooni na njaa na chenji.

Mwenye kadi ya mchango azungushe kazini na mtaani, na aandike kila jina hata kama ni shilingi 50. Namba ya kutumia M-Pesa imeandikwa mgongoni mwa kadi. Ukiombwa utume kwenye simu ya mtu binafsi, hata ikiwa ni ya katibu anayewaandikia haya, usitume. Ahadi tunazipokea pia, lakini zilipwe wiki mbili kabla ya safari, maana mwenye basi hakubali ahadi. Hesabu yote, iliyoingia na iliyotoka, itabandikwa kwenye mlango wa madrasa Ijumaa ya kwanza baada ya kurudi. Ikizidi, kilichozidi kitanunua laifjaketi nyingine. Ikipungua, tumekubaliana watu wazima tupunguzwe kwanza, na wanaobaki ni walezi wanne wa kike na wawili wa kiume tu, watoto hawakatwi.

Wazazi wa walio kwenye orodha, tuleteeni nakala ya cheti cha kuzaliwa, barua yenu ya ruhusa iliyotiwa sahihi, na jina la dawa yoyote mtoto anayotumia. Pimeni pia kifua cha mtoto kwa utepe wa fundi cherehani na muandike uzani wake, ili maboya yanunuliwe kwa kipimo. Viatu vya plastiki vya kutembelea miambani ni juu yenu. Begi liwe moja kwa kila mtoto, na simu zibaki Nairobi, isipokuwa za walezi.